Pumzi ya Kebini Namba Nne

Kiyoyozi cha kebini namba nne kilikuwa kinavuta hewa badala ya kupuliza. Ndivyo alivyolalamika abiria mmoja, mfanyabiashara wa mpunga wa Kibaoni aitwaye Maduhu, aliyetoka ndani kifua wazi, jasho linamtiririka, wakati meli ndiyo kwanza inaiacha Karema na jua la mchana linachoma mabati ya deki. Fundi Venant alimsikiliza mpaka mwisho huku akijizuia kucheka. Kiyoyozi hakivuti. Feni inazunguka upande mmoja tu, na upande huo ni wa kupuliza.

"Mzee, itakuwa hakipulizi vizuri," alisema.

"Nimesema kinavuta! Leso yangu imenasa pale juu ya tundu. Njoo uone kwa macho yako, acha kunifundisha."

Venant akaenda. Leso ilikuwa imenasa kweli kwenye kile kifuniko cha vitobo darini, imejibana kabisa. Akiwa bado anaitazama, ikaachia, ikatuna, ikaning'inia kidogo, halafu ikanasa tena. Taratibu, bila haraka. Kulikuwa na harufu pia, harufu ya mtu aliyetoka kula ugali wa muhogo akalala bila kusukutua mdomo.

"Panya," Venant alisema.

"Panya anapumua hivyo?" Maduhu aliuliza, akabeba begi lake akaenda kukaa na mizigo.

Hapa lazima nikueleze habari ya meli yenyewe, maana ukiwasikiliza wenye meli utadhani mkosaji alikuwa jini peke yake. Meli iliitwa Mlele. Ilikuwa kuukuu, ya abiria na mizigo, mpaka wenyewe wakapata ndoto ya kubeba Wazungu waje kuona sokwe wa Mahale na viboko wa Katavi. Wakapaka rangi, wakaweka mapazia, na kebini za juu wakazitilia kiyoyozi: mashine moja juu ya deki, bomba la bati linapita darini, na kila kebini ina tundu lake. Wazungu walikuja kidogo. Vita vilipochacha ng'ambo ya ziwa wakapotea, hata salamu hawakutuma. Waliobaki ni wauza mpunga, wauza dagaa na watu wa ndoa na misiba, na mashine ikabaki shingoni mwa Venant.

Venant alikuwa mtoto wa wakimbizi Warundi wa kambi ya Mishamo, kazi ya majokofu alijifunza misheni. Aliipenda kazi, ila ile mashine ilimtoa roho. Akiagiza mkanda wa feni analetewa rangi ya milango. Akiomba gesi anaambiwa asubiri. Na abiria nao! Mtu analipia kebini ya baridi, akiingia tu anafungua dirisha aone ziwa, halafu anakuja kugomba kwamba baridi hamna. Ofisi ikachoka na malalamiko, ikatoa amri: madirisha yote ya duara yachomelewe.

"Mashine ikifa, watu wataiva humo ndani," Venant aliwaambia.

"Basi usiiache ife," wakamjibu.

Akayachomelea yote kwa mkono wake, amenuna kutwa nzima.

Sasa siku ile ya Maduhu alipanda kwenye stuli, akafungua kifuniko cha kebini namba nne, akaingiza mkono. Akatoa bonge la unga wa muhogo lililolowa. Akatoa jingine. Yalikuwa na uvuguvugu, na yalikuwa yamemegwa pembeni, vipande vidogo vidogo. Alikasirika mpaka akatukana kwa Kirundi.

"Romana! Nani kanitilia unga kwenye bomba?"

Romana, mhudumu wa kebini, binti wa Kifipa asiyeogopa mtu, alisimama mlangoni na shuka mkononi. Aliangalia bonge lile halafu akaangalia chini.

"Abiria," alisema. "Si wanapita Rasi ya Kasagula."

Kasagula ni ile ncha ya mlima inayoingia ziwani upande wa kaskazini, na Wabende, wenyeji wa pale, wanasema ina mwenyewe. Tangu zamani, mtu akipita pale anachota unga kidogo, anaurusha majini, anasema, "Mwenyewe, tunapita," basi. Hakuna ngoma, hakuna mganga. Ni adabu tu, kama kupiga hodi. Hata nahodha Enoka, Mlokole wa kukesha kanisani, alikuwa anapunguza mwendo pale na kujifanya anaangalia dira.

"Wakae na adabu yao. Bomba langu linahusikaje?"

"Madirisha si uliyachomelea wewe? Bibi Dafrosa, yule mkunga wa Karema, alikuwa humu safari moja. Rasi ikafika, anahangaika na unga wake mkononi, hapati pa kuurusha. Akaona pale juu panatoka upepo. Akasema penye upepo ndipo penye njia ya nje, akautia pale. Wenzake wakaona. Siku hizi kila anayepanda humu anautia palepale."

"Na wewe ukakaa kimya?"

"Ningesema nini, kaka Venant? Mimi mwenyewe natia."

Venant alichukua ndoo. Alisugua bomba kwa sabuni na brashi, akatoa kila chembe akatupa kwenye pipa la taka. Halafu akakata wavu wa waya, akaufunga nyuma ya kifuniko kwa skrubu ili asiingize mtu hata punje ya chumvi. Kiyoyozi kikapuliza vizuri mpaka jioni, akalala na furaha yake.

Safari iliyofuata, baada ya kuipita rasi, kebini namba nne ilianza kuvuta tena, na safari hii ilikuwa ina njaa. Ilivuta pazia. Ilivuta mtandio wa bibi harusi wa Ugalla kichwani mwake, ukapenya kwenye vitobo na wavu, nyuzi kwa nyuzi, huku bibi harusi ameshika ncha analia. Kebini za jirani zikaanza kusikia sauti ndani ya bati. Haikuwa kelele. Mtu anasema polepole, karibu kabisa na sikio lako, "Changu?" Kimya kidogo. "Changu?"

Mabaharia Waislamu wakasema ni jini, wakamleta shehe wa Kigoma, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Wakatoliki wakanyunyiza maji ya baraka, tundu likayavuta. Ofisi ikaandika kwamba fundi ni mzembe. Nahodha Enoka akamwita Venant.

"Zima mashine kabisa. Wapate joto, sio mambo haya."

Venant alizima swichi. Akachomoa waya. Akapanda juu akashika feni kwa mkono, ikawa imetulia kimya. Akarudi kebini namba nne, na lile pazia lilikuwa bado linakwenda na kurudi.

"Wewe unataka nini kwangu?" alifoka, peke yake, ameelekea dari. "Mashine mbovu, vipuri hamna, madirisha nimeambiwa niyazibe, na wewe tena! Mimi nimekukosea nini?"

Pazia likasimama. Lilisimama kwa muda mrefu, limekwenda kwenye tundu, halirudi. Venant alitoka kinyumenyume, akafunga mlango kwa ufunguo, na toka siku hiyo kebini namba nne haikuuzwa.

Ingeishia hapo, watu wangezoea. Lakini Venant alikuwa na mke, Emelyne, aliyepanga naye chumba Karema, na Emelyne alikuwa na mimba kubwa. Walikuwa wameshazika watoto wawili, wote waliozaliwa kimya, na huyu ndiye aliyekuwa amewarudishia kucheka nyumbani. Mwaka ule mvua za Elnino zilikata barabara ya Mpanda, gari hata la misheni halipiti. Siku Mlele ilipotia nanga Karema ikielekea Kigoma, Venant alimkuta mkewe chini kwenye mkeka, ameshika kitanda kwa mikono miwili, na Bibi Dafrosa mkunga ameinama karibu yake.

"Mtoto amekaa vibaya," Bibi Dafrosa alisema. "Mimi nimefika mwisho wangu. Mpeleke Kigoma wakampasue, na tusichelewe."

Meli ilikuwa imejaa. Deki nzima ni magunia na watu waliokimbia mafuriko, wengine wamesimama. Venant alimwomba nahodha kebini yoyote. Nahodha Enoka alizunguka mwenyewe, akarudi ameinamisha kichwa.

"Kila moja ina wagonjwa na watoto, Venant. Iliyo wazi ni ile."

"Ile hapana, Kepteni."

"Basi mlaze juani hapa juu ya dagaa. Niambie wewe."

Emelyne alisikia. Alikuwa amebebwa kwenye machela, uso umekuwa wa majivu. "Venant," alisema, "nilaze popote penye kitanda. Mana yanje, Mungu wangu, popote."

Wakamlaza namba nne. Venant, Bibi Dafrosa na Romana wakaingia naye, mlango wakauacha wazi, na mara meli ikang'oa nanga. Mwanzo palikuwa kimya. Joto tu, joto la kuziba pua, dirisha limechomelewa, mashine imezimwa, na Emelyne anaguna kila uchungu unapokuja. Venant alimpepea kwa kipande cha boksi huku akiwalaani kimoyomoyo wenye meli, Wazungu wa sokwe, ofisi na rangi yao ya milango, na mkono wake uliochomelea lile dirisha.

Halafu kikaja kijibaridi.

Kilitoka juu, kikashuka shingoni mwa Venant, kikarudi juu. Romana aliacha kukunja kanga. Bibi Dafrosa aliinua macho kwenye tundu, akaona wavu, akamgeukia Venant.

"Nani kaweka waya pale?"

"Mimi."

"Unga uliokuwamo?"

"Nilitupa. Pipani."

"Pipani!" Bibi alishika mdomo. "Mwanangu, ulimtupia mtu chakula chake pipani?"

"Wewe ndiye uliyemwita humu, Bibi!" Venant alisema kwa sauti ya chini. "Wewe na unga wako! Nje kuna ziwa zima, ukaona umlishe ndani ya bomba!"

"Ziwa nilirushie wapi, na wewe umenizibia dirisha? Nilidhani upepo unatoka nje."

"Unazunguka humuhumu! Kiyoyozi kinazungusha hewa ya humuhumu!"

Bibi Dafrosa aliinua tena macho kwenye tundu. Alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono iliyopokea nusu ya Karema, na Venant aliona ile mikono inatafutana. "Basi amefungiwa," alisema kwa kunong'ona. "Amekaribishwa akala, mlango ukafungwa nyuma yake, halafu akanyimwa."

"Changu?" dari likauliza.

Emelyne alifungua macho. "Nani huyo?"

Kupitia kioo cha duara ilionekana Kasagula inakuja, mlima mweusi na povu jeupe miguuni, mchana kweupe, watu deki ya chini wanacheka na redio inaimba, na humu ndani shuka la mgonjwa likaanza kuinuka pembeni, likaelekea juu, na Romana akalishika, na likamvuta mpaka akasimama kwa vidole vya miguu.

"Tia unga, tupite," Romana alimwambia Bibi huku analia. "Tafadhali, tia tu."

Bibi alifungua pindo la kitenge, unga ulikuwapo. Venant akamshika kiganja. "Ukimlisha tena humu, atakaa humu. Akale nje kwake." Akavuta tindo na nyundo kwenye begi lake la kazi.

"Ngoja," Bibi alisema. "Sikiliza. Hicho kitu ni pumzi tu, hakina mwili. Kikipewa njia kitatoka kwa pupa. Kikikosa njia kitaingia popote palipo wazi. Ukishafungua, usikizuie."

Venant akapiga. Alilipiga lile chomeleo lake mwenyewe, alilolifanya vizuri kwa sababu hakujua kufanya kazi vibaya, na kila alipopiga dari lilivuta kwa nguvu zaidi, na bati lilikuwa linabonyea kwa ndani kwenda juu na kurudi, na kila kebini ya safu ile watu walianza kugonga kuta na kuita kwa majina ya Mungu, na Emelyne alikuwa amemshika Bibi Dafrosa mkono anasema anakuja, anakuja, hangoji Kigoma, na Bibi akapiga magoti pale katikati ya baridi ile ya ajabu akasema amegeuka, jamani mtoto amegeuka, sukuma mama, sukuma, na Venant hakutazama nyuma, alipiga, tindo ikateleza ikamchana kidole, akapiga, chuma kikalia, kipande cha kwanza kikaanguka, cha pili kikaanguka, na kioo cha duara kikafunguka kwa kishindo, joto la ziwa likamwagika ndani.

Romana aliunyakua unga mapajani mwa Bibi, akanyoosha mkono nje, akaurusha wote majini. "Mwenyewe, tunapita!" alipiga kelele. "Chako kiko huku! Huku nje!"

Dari likaachia.

Ilitoka pumzi ndefu isiyoisha, pumzi ya safari zote zile, ikashuka tunduni ikapita juu yao kuelekea dirishani, pazia likanyooka kwenda nje, karatasi, nywele za Romana, vumbi la kitanda, kila chepesi kikaelekea ziwani, na Venant aliyekuwa amesimama kando ya dirisha akaihisi inampita begani, baridi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akahisi mwili wake unalegea kwa furaha. Imetoka. Jamani, inatoka.

Ndipo aliposikia kimya nyuma yake.

Akageuka. Bibi Dafrosa alikuwa ameshika mtoto. Wa kiume, mkubwa, kila kitu kipo, vidole, kope, nywele. Rangi yake ya bluu. Bibi alimpiga nyayo. Akamgeuza, akamsugua mgongo, akamvuta makamasi kwa mdomo wake, akampulizia. Kifua kilipanda kwa pumzi ya Bibi, kikashuka, kikabaki chini.

"Mbona halii?" Emelyne aliuliza. Aliijua ile sauti ya chumba kisicho na kilio. Aliijua kuliko wote. "Venant, mbona halii? Na huyu tena? Na huyu?"

Bibi Dafrosa alimwangalia Venant akatikisa kichwa kidogo, ili mama asione.

Pumzi ilikuwa bado inapita. Ilikuwa imepungua, pazia limeanza kushuka, ni mkia tu uliobaki ndani ya chumba. Venant alilitazama dirisha alilolivunja kwa damu yake. Alimtazama mwanawe, kinywa kidogo kipo wazi.

Akafunga dirisha.

Alilisukuma kwa mikono miwili, akaligeuzia mgongo, akaliegemea kwa uzito wake wote.

"Unafanya nini?" Bibi Dafrosa alisema. "Venant! Bado haijaisha kutoka! Fungua!"

Kitu kilimgonga kifuani, kikazunguka chumba, kikagonga mlango, nao ukajibamiza wenyewe ukafungika. Kikapita usoni mwa Romana akajifunika kwa kanga na kuziba mdomo. Kikapita kwa Emelyne aliyekuwa amebana meno kwa uchungu. Halafu pazia likatulia, na hakukuwa na upepo wowote mle ndani.

Mtoto akavuta hewa.

Alivuta ndefu sana kwa kifua kidogo vile. Akaitoa. Akavuta tena, taratibu, bila haraka, na rangi ikamrudi kuanzia midomoni. Hakulia. Alifumbua macho akawaangalia mmoja mmoja.

Bibi Dafrosa alimlaza kifuani kwa mama yake, akaondoa mikono upesi, akaifuta kwenye kitenge, akaendelea kuifuta. Alimsogelea Venant akasema kwa sauti ya chini kabisa, ya kubembeleza, "Fungua, mwanangu. Hakijamzoea bado. Ukifungua sasa hivi kitatoka. Tukishaipita rasi, basi tena."

"Kikitoka atapumua na nini?"

Bibi aliendelea kuifuta mikono.

"Nauliza, Bibi. Atapumua na nini?"

Nyuma ya kioo, Kasagula ilikuwa inapita, mwamba baada ya mwamba. Venant hakugeuka kuitazama. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini miguu aliikaza sakafuni.

"Ananyonya!" Emelyne alisema, anacheka na kulia. "Venant, ananyonya, tena kwa nguvu! Ila ana baridi huyu, baridi kweli. Nipe kitenge nimfunike."

Romana ndiye aliyempa kitenge. Venant aliendelea kuegemea dirisha mpaka mlima ukaisha.